Nani Analipia Basi Likiondoka Nusu Tupu? Uzi wa historia ya gari za mitaani Nairobi

1/ Kila msimu wa siasa ukifika, swali la usafiri wa Nairobi halikosi kwenye mdahalo. Mmoja anaahidi mabasi mapya. Mwingine anaahidi kutoa matatu tao. Wa tatu anakuja na ramani ya laini za rangi. Watu wanapiga makofi, halafu Jumatatu jioni tuko palepale Railways tumepanga laini, gari hazionekani. Kwenye uzi huu sitataja mwanasiasa wala chama, kwa sababu hii shida imewatangulia wote. Nataka tu kueleza kitu kimoja: kwa karibu miaka 90 tumebishana kuhusu ni gari la aina gani litubebe. Mara ngapi kwa saa lipite, na nani alipie likipita na viti vitupu, hayo hatuulizi.

2/ Tuanze mwanzo. Mwaka 1934 kampuni ya London iliyoitwa Overseas Motor Transport ilileta mabasi Nairobi, ikaanzisha Kenya Bus Service, ile KBS ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Jiji lilikuwa limegawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu upande wa magharibi na vilimani, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Eastlands karibu na reli na viwanda. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao mashambani. Mji uliopangwa hivyo haukuwa na haraka ya kumpelekea basi mpaka mlangoni. Wengi walitembea.

3/ Hapo tulirithi mambo mawili. La kwanza ni kutembea kwenyewe. Mpaka leo, takriban asilimia 40 ya safari za Nairobi ni za miguu mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya watu hao hawatembei kwa ajili ya mazoezi. La pili ni umbo la njia zenyewe: karibu zote zinaingia tao na kutoka tao, kama spoku za baiskeli. Ukitaka kutoka mtaa mmoja wa pembeni kwenda mwingine wa pembeni, kwa miaka mingi ilibidi uingie kwanza katikati, ushuke, utembee mpaka steji nyingine, ulipe nauli ya pili. Barabara za pembeni kama Outering na Eastern Bypass zimepunguza hilo kiasi, lakini umbo la zamani bado lipo.

4/ Uhuru ulipokuja, vizuizi vya kuingia mjini viliondoka na watu wakaja. Sensa ya 1969 ilihesabu takriban watu 509,000 Nairobi. Ile ya 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3, na hapo hujaongeza Rongai, Ruiru, Kikuyu, Ngong na Mlolongo, ambako watu wanalala lakini kazi iko jijini. Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilichukua asilimia 25 ya hisa za KBS, na kampuni ikapewa haki ya kipekee ya kubeba abiria jijini.

5/ Huo mpango wa 1966 mara nyingi watu wanaufupisha: "KBS ilikuwa na ukiritimba." Ni kweli, lakini ukiritimba wa basi una kazi yake. Kampuni ikiwa na njia zote, ile njia nono ya asubuhi inabeba ile njia nyembamba ya saa tano mchana. Basi la Jogoo Road likijaa hadi mlangoni, faida yake inalipia basi linalozunguka mtaa wa mbali na watu wanane ndani. Abiria haoni hiyo hesabu. Anachoona ni kwamba basi limekuja saa ile ile ya jana.

6/ Tatizo ni kwamba mabasi ya KBS hayakutosha, na jiji lilikuwa linakimbia kuliko kampuni. Mitaa mipya iliota ambako hakukuwa na lami, na mingine haikutambuliwa kabisa na baraza. Hapo ndipo matatu zilipozaliwa: gari za watu binafsi, kuukuu, zikibeba abiria kwa mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti 10. Jina limetoka hapo. Kisheria zilikuwa haramu. Kwa mtu aliyekuwa akitembea kilomita saba kwenda Industrial Area, zilikuwa msaada.

7/ Mwaka 1973 rais wa wakati huo alitoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Amri hiyo ilisifiwa kama ushindi wa mwananchi mdogo, na kwa upande mmoja ilikuwa hivyo: ilifungua ajira, ikafikisha gari mahali ambapo basi halikuwahi kufika. Upande wa pili haukuzungumziwa sana. KBS ilibaki na ratiba, matatu hazikupewa ratiba. KBS ilibaki na njia nyembamba, matatu zilichagua njia nono.

8/ Basi fanya hesabu. Zile pesa za asubuhi na jioni zilizokuwa zinalipia basi la saa tano mchana sasa zinaingia kwenye matatu. KBS inabaki na mchana mtupu, usiku mtupu na mtaa wa mbali. Hakukuwa na mfuko wa umma wa kufidia hilo pengo. Kampuni ikiwa hivyo ina njia mbili tu: ipunguze mabasi, au ife polepole. Wanaosema matatu ziliua KBS wanasema nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba serikali ilifungua soko ikaacha jukumu la ratiba bila mwenyewe.

9/ Mwaka 1984 sheria ilizitambua matatu rasmi. Mwaka 1986 serikali ikajaribu dawa nyingine, ikaanzisha mabasi ya Nyayo, mengine yakiwa msaada kutoka nje, na vijana wa huduma kwa taifa wakiwa makondakta. Nauli ilikuwa nafuu na watu waliyapenda. Kufikia katikati ya miaka ya 90 shirika lilikuwa limeanguka. Kupata basi la msaada ni rahisi. Spea, tairi, dizeli na fundi wa mwaka wa tano havina sherehe ya uzinduzi.

10/ Kisha ikaja zamu ya mwekezaji. Mwaka 1991 Stagecoach, kampuni kubwa ya mabasi kutoka Uskoti, ilinunua KBS. Ilikuwa na ujuzi, mtaji na jina. Mwaka 1998 ikauza kwa wawekezaji wa hapa nyumbani ikaondoka. Kwa hivyo tukihesabu, tayari tumejaribu kampuni ya kikoloni, ubia na baraza la jiji, soko huria, shirika la serikali na kampuni ya kimataifa. Ukisikia mtu kwenye mdahalo akisema "dawa ni sekta binafsi" au "dawa ni serikali," jua zote mbili zilishaonjwa hapa.

11/ Mwaka 2003 zikatangazwa kanuni zilizoanza kukazwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, abiria 14 badala ya kusongamana, sare za madereva na makondakta. Siku za kwanza gari zilikuwa chache barabarani na watu walitembea, lakini wengi walikubali kwa sababu ajali zilikuwa zimezidi. Baadaye serikali ikataka kila mwenye matatu awe ndani ya sako au kampuni. Hayo yote ni ya maana. Lakini soma tena ile orodha. Yapo ya usalama na ya usajili. Hakuna hata kanuni moja inayosema gari lipite kila dakika ngapi.

12/ Sasa tuingie ndani ya matatu tuone kwa nini gari haliondoki. Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku, kiasi kilichopangwa. Dere na makanga wanaweka mafuta, wanalipa watu wa steji, wanalipa yale mengine tunayojua, na kinachobaki juu ya hesabu ndio mshahara wao. Kwa mpango huo, kuondoka na viti vitupu ni kujikata mshahara mwenyewe. Ndio maana gari linakaa steji mpaka lijaze, na ndio maana kuna vijana wanalipwa kukaa ndani ili lionekane linajaa. Kuwatukana ni rahisi. Ukiwa wewe kwenye ule usukani, utafanya vivyo hivyo.

13/ Na hapa ndipo ahadi ya "mabasi makubwa" inabidi iangaliwe vizuri. Chukua steji ya mchana ambapo abiria mmoja anafika kila dakika. Gari la watu 14 litaondoka baada ya dakika 14. La watu 33 litaondoka baada ya dakika 33. Basi la watu 51 litakaa karibu saa nzima. Ukibadilisha gari dogo kwa basi kubwa bila kubadilisha sheria ya "jaza ndio uende," umeongeza muda wa kungoja. Tena wewe unayengojea katikati ya njia umeumia zaidi, kwa sababu gari likishajaa steji linakupita tu.

14/ Basi kubwa ni zuri. Linabeba watu wengi kwa nafasi ndogo ya barabara. Lakini linafaa tu kama linaondoka kwa saa, si kwa kujaa. Na likiondoka kwa saa, kuna safari zitakazokuwa na viti vitupu, hasa mchana na baada ya saa tatu usiku. Hasara ya hivyo viti lazima iwe na mwenyewe. Ikiwa ni dere, ataikwepa. Ikiwa ni sako, itaikwepa. Kama hakuna mfuko wa umma au mpango wa njia nono kubeba njia nyembamba, ratiba itakuwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

15/ Hesabu nyingine ambayo sijawahi kuisikia jukwaani. Chukua njia ambayo kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika, ni dakika 150. Ukitaka basi kila dakika 10 unahitaji mabasi 15. Sasa msongamano upandishe huo mzunguko ufike dakika 240. Kwa ratiba ile ile unahitaji mabasi 24. Hayo tisa ya ziada hayakuongeza huduma hata kidogo, yamenunuliwa kusimama kwenye msongamano. Ndio maana njia ya basi peke yake barabarani ina thamani kuliko uzinduzi wa mabasi kumi. Inafanya mabasi uliyonayo yarudi haraka.

16/ Tumejenga barabara kubwa. Thika Road ilikamilika 2012, Expressway ikafunguliwa 2022. Thika Road ilipojengwa haikuwekewa njia ya mabasi. Baadaye njia ya ndani ilipakwa rangi nyekundu iwe ya mabasi ya BRT, mabasi hayakuja, rangi ikafifia. Kisha vituo vikaanza kujengwa. Ramani ya BRT yenyewe ni nzuri: laini tano zenye majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Mwenye gari dogo aliona faida ya zile barabara siku ya kwanza. Mwenye nauli mkononi bado anangoja.

17/ Majirani wametuonyesha kitu. Dar es Salaam ilianza mwendokasi mwaka 2016, wakajenga njia maalumu kweli kweli kutoka Kimara hadi Kivukoni, kazi ya kuheshimiwa. Lakini malalamiko makubwa ya abiria wake yamekuwa hayohayo: mabasi machache, vituo vimefurika watu. Njia ipo, vituo vipo, kinachopungua ni mabasi ya kupita mara nyingi. Tukikata utepe wa vituo vya Thika Road bila kupanga hilo, tutapata vituo vizuri vya kungojea.

18/ Treni nayo ina somo. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 na watu wakafurahi, kwa haki. Lakini treni za mitaani Nairobi zimepangwa zaidi kwa mtu wa ofisi, asubuhi kuingia na jioni kutoka. Mama anayetoka Gikomba saa tano asubuhi na mzigo wake haimfai. Askari wa usiku na nesi wa zamu haiwafai. Mwanafunzi wa masomo ya jioni haimfai. Hao ndio wanaolipa nauli ya giza, au wanatembea wakiomba Mungu.

19/ Kuna wale wanaosema, "toeni matatu tao kwanza." Ilijaribiwa Desemba 2018. Gari zikafungiwa nje, maelfu ya watu wakatembea kuingia mjini, wakiwemo wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na marufuku ikaondolewa haraka. Mwaka huohuo mabasi ya huduma ya vijana yalikuwa yametolewa barabarani kwa nauli ya chini, nia njema, lakini mabasi machache mbele ya maelfu ya matatu ni tone la maji. Miaka 32 baada ya Nyayo, dawa ilikuwa ileile.

20/ Sasa siasa yenyewe. Katiba ya 2010, jedwali la nne, inasema usafiri wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Lakini leseni za matatu zinatolewa na NTSA, ambayo ni ya serikali kuu. Nauli haisimamiwi na yeyote. Mvua ikinyesha makanga anatangaza bei mpya na hakuna ofisi ya kupeleka malalamiko. Kwa hivyo ukimuuliza gavana atakuelekeza kwa wizara, ukiuliza wizara itakuelekeza kwa kaunti.

21/ Halafu kuna jambo la mpaka. Mtu wa Rongai na Ngong anapiga kura Kajiado. Wa Ruiru, Thika na Kikuyu, Kiambu. Wa Syokimau na Mlolongo, Machakos. Lakini steji yao ya jioni iko Nairobi, na anayeamua steji iwe wapi hawakumchagua wala hawawezi kumtoa. Yule waliyemchagua naye hana mamlaka juu ya tao. Abiria wa pembeni mwa jiji ni wengi mno, ila kwa kura wamegawanywa. Sidhani ni ajabu kwamba wao ndio wanasimama laini ndefu zaidi.

22/ Mwaka 2017 ikaundwa NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo lote la Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Kwa wazo, hiyo ndiyo ofisi tuliyoikosa tangu 1973: ya kuangalia njia zote kwa pamoja na kuuliza ni wapi pamekosa gari na saa ngapi. Lakini ofisi bila fedha ya kulipia safari ni ofisi ya mikutano. Ndio maana ukisikia mtu akiahidi "kuimarisha NaMATA," muulize kwa shilingi ngapi, na zitatoka mfuko gani.

23/ "Kwani unataka tufute matatu?" La. Kazi kubwa ya kujua watu wanataka kwenda wapi ilishafanywa na matatu, bure. Kati ya 2012 na 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT na Columbia walipita na simu kwenye matatu wakachora ramani: njia zaidi ya 130. Mtandao upo. Nyingi ya namba tunazotumia, 46 ya Kawangware, 58 ya Buruburu, 111 ya Ngong, ni utaratibu uliojengwa siku za mabasi na ukabebwa na matatu. Kinachokosekana ni ratiba juu ya huo mtandao.

24/ Miji mingine inafanya hivi: kampuni hailipwi kwa kichwa cha abiria, inalipwa kwa kilomita ilizokwenda kwa ratiba. London ndivyo inavyofanya. Mabasi ni ya kampuni binafsi, lakini njia, nauli na saa zinapangwa na mamlaka ya umma, na hasara ya viti vitupu inabebwa na umma. Hapa kwetu sako zinaweza kuingia mkataba wa namna hiyo, njia moja kwanza. Dere apate mshahara. Gari likiondoka saa nne usiku na watu sita, hakuna aliyeibiwa.

25/ Hilo litagharimu, na mtu mkweli lazima aseme. Itabidi kodi ichangie. Wenye matatu wengine watapinga kwa sababu nauli itaonekana hadi shilingi ya mwisho. Jaribio la mwaka 2014 la kulipa nauli kwa kadi lilikwama, na huo upinzani ulikuwa sehemu ya sababu. Lakini sasa hivi pia tunalipa, ila bili inakuja kwa jina lingine: saa mbili za laini, nauli mara mbili mvua ikinyesha, kibarua kilichokosekana kwa sababu zamu inaisha saa nne usiku na gari la kurudi hakuna.

26/ Kwa hivyo mdahalo ujao, acheni kuuliza "utaleta mabasi mangapi?" Ulizeni hivi. Njia yetu itakuwa na gari kila dakika ngapi, saa tano asubuhi na saa nne usiku? Hasara ya safari nyembamba italipwa na nani? Mabasi yatapita kwenye njia yao au kwenye msongamano wetu? Na sisi wa kaunti jirani, tutamlilia nani? Akijibu kwa tarakimu, msikilizeni. Akijibu kwa picha ya basi, mnajua tumeziona ngapi tangu 1986.

27/ Na si lazima tungoje kampeni. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unapelekwa kwa bunge la kaunti kufikia Februari 28 kila mwaka, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katikati kuna vikao vya umma, na mara nyingi viti viko wazi. Enda na swali moja tu la usafiri, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wakati huohuo, wekeni hapa chini: mtaa wako, namba ya gari lenu, na saa ambayo gari la mwisho linatoka tao. Nitazipanga zote kwenye jedwali moja, ili anayefuata kutuahidi tumwekee mbele yake.